Mwandishi wa Kujitegemea na Makala ya Magazeti: Somo kutoka Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Wengi wa wanafunzi wanaohitimu Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu hutarajia kuwa walimu. Nafasi za kuajiriwa ni chache kuliko wahitimu, na wapo wanaosubiri kwa miaka huku wakifanya vibarua visivyohusiana na taaluma yao. Kuna kazi moja ambayo mwanafunzi anaweza kuianza hata kabla ya kuhitimu, bila ofisi na bila mtaji mkubwa, nayo ni kuandikia magazeti na redio makala kama mwandishi wa kujitegemea. Hata hivyo, wengi wanaojaribu huvunjika moyo baada ya maandishi mawili au matatu kukataliwa, wakadhani kwamba wahariri wana watu wao.

Somo hili linakusudia kueleza stadi za msingi za uandishi wa makala kwa kutumia mitaa ya Eastlands kama uwanja wa mazoezi. Hoja yake kuu ni kwamba kinachoyapa makala thamani ni ushahidi uliokusanywa kwa miguu na kuthibitishwa, na kwamba ufasaha wa lugha una kazi ya kuuhudumia ushahidi huo. Mwanafunzi wa Kiswahili ana ufasaha tayari. Anachopungukiwa aghalabu ni ushahidi, na ushahidi umemzunguka pale anapoishi.

1. Makala ni nini?

Ni vyema kwanza kutofautisha makala na tanzu nyingine zinazokaribiana nayo. Habari hujibu maswali ya nani, nini, wapi na lini, na thamani yake hupungua kadiri saa zinavyopita. Tahariri hutoa msimamo wa gazeti. Insha ya shuleni huonyesha uwezo wa mwandishi katika lugha. Makala ya gazeti huchukua jambo lililo hai katika jamii, yakalieleza kwa kina kupitia watu wanaoguswa nalo, na kumwezesha msomaji kuelewa limetokea vipi na kwa nini linaendelea.

Mfano utatusaidia. Mnamo Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya soko la Gikomba na kuua watu 15. Hiyo ilikuwa habari, na iliandikwa siku iyo hiyo. Baada ya wiki moja habari ilikuwa imekwisha, lakini makala ndiyo kwanza yalikuwa yakianza: Kwa nini soko hilo huungua mara kwa mara? Ardhi yake inadaiwa na nani? Mfanyabiashara aliyepoteza marobota ya mitumba hupata wapi fedha za kuanza upya? Maswali haya hayazeeki haraka. Mwandishi wa kujitegemea, ambaye hawezi kushindana kwa kasi na ripota aliyeajiriwa mwenye gari na mpiga picha, hupata nafasi yake hapa.

2. Eastlands kama uwanja wa kazi

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyoenea mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi. Kila mtaa una historia yake. Pumwani ulipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makao ya Waafrika. Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940. Buruburu na Umoja ilijengwa katika miaka ya 1970, na katika muongo uo huo Dandora ulianzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wakazi wakipewa viwanja vyenye huduma za msingi ili wajijengee. Tena kuna Korogocho, Kariobangi, Mathare, Kayole na mingineyo.

Jambo la dharura ni kwamba mitaa ya zamani inabadilika. Nyumba za Pangani zilibomolewa ili kupisha majengo marefu, na mitaa mingine ya enzi ya ukoloni imo katika mipango kama hiyo. Wazee waliokulia humo ndio maktaba ya mambo ambayo hayakuandikwa. Wakihamishwa, kila mmoja kwenda kwake, kuwapata itakuwa vigumu. Mwanafunzi anayeishi Shauri Moyo au Bahati ana fursa ambayo mwandishi mgeni hana, lakini fursa hiyo ina mwisho.

Wapo waliotangulia kuonyesha kwamba eneo hili linaweza kujisimulia. Mohamed Amin, aliyezaliwa Eastleigh mwaka 1943, alianzisha shirika lake la picha, Camerapix, jijini Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa bado kijana, kisha akalihamishia Nairobi. Picha za njaa ya Ethiopia alizopiga Korem mnamo Oktoba 1984, akiandamana na Michael Buerk wa BBC, ziliuamsha ulimwengu na kuchochea misaada mikubwa. Mwaka 1997 vijana wa Mathare waliokuwa katika chama cha michezo cha MYSA walipewa kamera ndogo ili wapige picha za maisha yao, na kazi hiyo ikazaa kitabu kiitwacho Shootback mwaka 1999. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho walianzisha redio ya jamii, Koch FM. Hawa wote walianza na walichokuwa wakikiona, wala hawakusubiri mgeni aje kuwasemea.

3. Ukusanyaji wa ushahidi

Mwandishi wa makala ana vyanzo vitatu vikuu: macho yake, vinywa vya watu na karatasi. Makala yanayotegemea chanzo kimoja tu huwa kama kigoda cha mguu mmoja.

Macho. Fika mahali husika zaidi ya mara moja na kwa nyakati tofauti. Soko la Burma saa kumi na moja alfajiri si lile la saa nane mchana. Andika katika daftari unachokiona kwa idadi na kwa majina: mikokoteni mingapi, mtungi wa lita ngapi, bei gani, bango limeandikwa nini. Epuka kuandika kwamba mahali ni "pachafu" au "pa kusikitisha". Orodhesha vilivyopo na umwachie msomaji hukumu.

Vinywa. Jitambulishe kwa jina na useme unaandika nini na kwa ajili ya nani. Uliza maswali mafupi yanayohitaji masimulizi: "Siku ya kwanza ilikuwaje?" huzaa mengi kuliko "Je, unaumia?" Usimkimbize mama muuza mboga anapohudumia wateja, keti, nunua sukuma wiki, ungoje. Tena usiishie kwa wanaolalamika. Mtafute pia anayelalamikiwa, awe chifu, mwenye nyumba, mwakilishi wa wadi au meneja wa kampuni, na umpe muda wa kutosha wa kujibu.

Karatasi. Hapa ndipo wengi hukwama. Ripoti za serikali na mashirika, hukumu za mahakama na kumbukumbu za bunge la kaunti zina takwimu ambazo hakuna mkazi anayeweza kukupa. Chukua jaa la taka la Dandora. Mkazi atakueleza kwamba watoto wanakohoa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2007 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliwachunguza watoto 328 wa eneo hilo na kugundua kwamba takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Sauti ya mama bila takwimu hii huweza kupuuzwa kama manung'uniko, na takwimu bila sauti ya mama husahaulika. Zikiunganishwa, msomaji hana pa kukimbilia. Taja tu mwaka wa takwimu, ili msomaji asidhani kwamba ulipimwa jana.

Iwapo ofisi ya umma inakataa kutoa taarifa, kumbuka kwamba Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi iliyopokea ombi kujibu katika muda usiozidi siku 21, na saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Andika barua, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na uhesabu siku. Hata kimya cha ofisi ni ushahidi unaoweza kuandikwa.

4. Muundo wa makala

Tutumie mfano wa makala kuhusu uhaba wa maji mtaani Umoja. Vifungu vifuatavyo vimetungwa kwa ajili ya somo hili tu. Katika kazi halisi mwandishi haruhusiwi kuandika asichokiona wala kuthibitisha. Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu huanza hivi:

"Maji ni uhai. Tangu jadi binadamu amekuwa akitegemea maji kwa kunywa, kupika na kufua. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini."

Lugha haina kosa, lakini msomaji hajaambiwa lolote asilolijua, na methali imechomekwa bila kazi. Linganisha na hii:

"Saa nane za usiku, katika jengo la orofa saba mtaani Umoja, milango hufunguliwa mmoja baada ya mwingine. Wanawake hushuka ngazi na mitungi ya lita 20. Bomba la chini ndilo pekee lenye maji, na litakauka kabla ya adhana ya alfajiri."

Kifungu cha pili hakina tamathali hata moja, lakini kina saa, mahali, kitendo na wasiwasi. Hiyo ndiyo kazi ya aya ya kwanza.

Baada ya aya ya kwanza au ya pili huja aya ya kiini, ambayo humweleza msomaji kwa nini anasimuliwa haya. Kwa mfano: "Umoja ulipojengwa katika miaka ya 1970 ulikuwa mtaa wa nyumba za chini. Leo viwanja vingi vimebeba maghorofa. Je, mabomba yaliyowekwa kwa ajili ya familia moja yanawatosha wapangaji wa orofa saba, na ni nani anayefaidika yasipotosha?" Makala yasiyo na aya hii huzurura.

Mwili wa makala hupangwa kwa hatua. Mpe msomaji mtu mmoja wa kumfuata, kisha upanue: kutoka kwa mpangaji hadi kwa mwenye jengo, kwa muuza maji wa mkokoteni, kwa kampuni ya maji ya jiji, hadi kwenye bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Kila hatua ijibu swali lililoachwa na hatua iliyotangulia. Tamati nayo isiwe mahubiri ya "serikali inafaa kuingilia kati". Malizia kwa ukweli wenye uzito: bei ya mtungi wiki hii, jibu la ofisi au ukosefu wake.

5. Kiswahili sanifu na Sheng

Suala hili ni la kitaaluma na la kimaadili kwa wakati mmoja. Watafiti kama Abdulaziz na Osinde katika makala yao ya mwaka 1997, na Chege Githiora katika kitabu chake cha mwaka 2018, wameijadili Sheng kama lugha yenye mizizi yake katika mitaa hii. Wahariri wa Kiswahili hutaka lugha sanifu. Basi mwandishi afanyeje mtoa habari wake anaposema: "Maji hukam saa nane usiku. Ukilala, utabuy ya mkokoteni, na doo hakuna"?

Njia ya kwanza ni kumsanifishia ndani ya alama za kunukuu: "Maji huwasili saa nane za usiku, anayelala hulazimika kununua ilhali hana fedha." Njia hii ni ya hatari, kwa maana alama za kunukuu ni kiapo kwamba mtu alisema maneno hayo. Aidha, humfanya kijana wa Umoja azungumze kama mwanachama wa jopo la mitihani. Njia ya pili ni kumnukuu alivyosema na kufafanua maneno magumu katika sentensi inayofuata. Hii huhifadhi sauti, lakini nukuu zikizidi humchosha msomaji wa Tanga au Kisangani. Njia ya tatu ni kutumia usemi wa taarifa kwa Kiswahili sanifu na kubakiza kifungu kimoja kifupi chenye ladha yake: Anasema maji hufika saa nane za usiku, na anayelala hana budi kununua ya mkokoteni, "na doo hakuna", yaani fedha za kununulia hana.

Somo hili linapendekeza njia ya tatu iwe kawaida, na ya pili itumiwe pale maneno yenyewe ndiyo habari. Tena mwandishi asiwawekee watu Sheng midomoni kwa kudhani kwamba kila mkazi wa Eastlands huizungumza. Wapo wazee wa Pumwani ambao Kiswahili chao kitamwaibisha mhadhiri.

6. Haki ya jirani na mipaka ya sheria

Mwandishi wa mbali huandika akaondoka. Mwandishi wa mtaani hukutana kesho na yule aliyemwandika, dukani au kwenye matatu. Ujirani huu ni mtihani. Ukificha ukweli ili usimkere jirani, umewasaliti wasomaji. Ukianika siri isiyohusu umma, umemsaliti jirani.

Kanuni chache zitasaidia. Mtu asiyezoea vyombo vya habari aelezwe wazi kwamba jina lake litasomwa na wengi, mwajiri na mwenye nyumba wakiwemo. Anayehatarisha maisha yake kwa kusema afichwe jina, lakini mhariri ajue ni nani. Watoto wasihojiwe wala kupigwa picha bila idhini ya wazazi. Mhojiwa asilipwe ili aseme, na mwandishi asipokee "bahasha" kutoka kwa mwanasiasa au shirika. Jaribu hili ni kubwa hasa kwa mwandishi wa kujitegemea, ambaye mfuko wake mara nyingi ni mtupu. Lakini makala yaliyolipiwa na anayeandikwa ni tangazo.

Kuhusu sheria, Mahakama Kuu ilibatilisha mwaka 2017 kifungu kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai, lakini aliyechafuliwa jina bado anaweza kudai fidia katika kesi ya madai. Kinga ya mwandishi ni daftari lenye tarehe, rekodi za sauti na nakala za nyaraka. Ni vyema pia kuzisoma kanuni za maadili za Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, ambalo huwasajili wanahabari na kuwapa vitambulisho.

7. Soko, malipo na hakimiliki

Soko la Kiswahili lipo. Gazeti la Baraza lilianza mwaka 1939, na Taifa Leo limekuwa likichapishwa kila siku tangu mwaka 1960. Pamoja na magazeti, redio na mashirika ya utangazaji ya kimataifa huhitaji makala. Kabla ya kuandika, msomee mhariri gazeti lake kwa wiki mbili na ubaini kurasa, urefu na mada anazozipenda. Kisha mtumie pendekezo la aya tatu: swali la makala ni lipi, umeshapata ushahidi gani, na kwa nini lichapishwe sasa. Taja idadi ya maneno na tarehe ya kuwasilisha, na uheshimu makataa hayo. Mhariri husamehe sentensi mbovu upesi kuliko ukurasa mtupu.

Kazi hii pia ina hesabu zake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba makala yatalipwa shilingi 3,000. Safari tatu za nauli ya shilingi 200 ni 600. Simu na intaneti 300. Nakala za nyaraka 100. Zimebaki 2,000, na kazi imechukua siku nne, yaani shilingi 500 kwa siku. Hesabu hii inafundisha mambo mawili: chagua mada zilizo karibu na unakoishi, na uchunguzi mmoja uzae zaidi ya makala moja. Utafiti wa maji Umoja unaweza kuzaa makala ya gazeti, kipindi cha redio kuhusu wauza maji na makala mengine kuhusu ujenzi wa maghorofa. Kumwuzia mhariri wa pili makala yale yale bila kumwarifu ni udanganyifu.

La mwisho ni hakimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamishiwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Kwa hiyo, kabla ya kukubali agizo, omba kwa maandishi kwamba gazeti lipewe haki ya kuchapisha mara ya kwanza, nawe ubaki na haki ya kuyakusanya makala yako kitabuni. Sehemu ya nguvu ya Mohamed Amin ilikuwa kwamba alikuwa na shirika lake mwenyewe la kuuza na kuhifadhi picha zake.

Hitimisho

Tumeona kwamba uandishi wa makala ni stadi inayojifunzwa: kuuliza swali lisilozeeka, kukusanya ushahidi kwa macho, kwa vinywa na kwa karatasi, kuupanga kwa hatua, kuandika maneno ya watu kwa uaminifu, na kuilinda kazi yenyewe kisheria. Mwanafunzi wa Kiswahili hatatajirika upesi kwa kazi hii. Lakini mitaa ya Eastlands itaandikwa, apende asipende. Isipoandikwa na wanaoifahamu kwa lugha inayosomwa na wenyeji, itaandikwa na wapitaji, nao wenyeji hawatapata hata nafasi ya kusahihisha.

Mazoezi

1. Chagua kituo kimoja cha matatu katika Barabara ya Jogoo. Keti hapo kwa saa moja na uandike mambo 20 unayoyaona bila kutumia kivumishi cha hisia.

2. Mhoji mkazi aliyeishi katika mtaa mmoja kwa zaidi ya miaka 30. Andika dondoo moja ya maneno yake kwa njia tatu zilizojadiliwa katika sehemu ya tano, kisha ujadili darasani ni ipi iliyo aminifu zaidi.

3. Andika pendekezo la makala la aya tatu kwa mhariri wa gazeti la Kiswahili, pamoja na makadirio ya gharama zako.

4. "Mwandishi aandikapo kuhusu jirani yake hawezi kuwa mkweli." Jadili.